Barua kwa mdogo wangu wa Pinga, juu ya macho

Goma

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia. Umeandika mengi juu ya macho yako, na maneno machache juu ya mtoto: kwamba tangu alipopona surua, jua likizama anapapasa na kujikwaa. Nitaanza na mtoto.

Kutoona jioni ni dalili ya kwanza ya upungufu wa vitamini A, na surua huimaliza upesi ile kidogo iliyobaki mwilini. Baadaye weupe wa jicho hukauka na kupoteza mng'ao, pengine hutokea madoa meupe yenye povu. Mwishowe kioo cha jicho hulainika na kutoboka, na hapo hakuna dawa ya kurudisha uoni. Hatua hiyo ya mwisho yaweza kuja kwa siku chache tu. Kwa hiyo usingoje kampeni ya vidonge vya vitamini A. Mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi pamoja na karatasi yake ya chanjo, umweleze muuguzi habari ya surua na ya jioni. Mtoto aliyepita mwaka mmoja hupewa yuniti 200,000 siku ya kwanza, nyingine kama hizo siku ya pili, na tena baada ya wiki mbili. Wewe usimeze vidonge vyake, hasa kama una mimba, kwa maana dozi kubwa hivyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Nyumbani mpikie sombe na lengalenga kwa mawese mekundu. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe. Wekundu ule ndio wenye vitamini.

Sasa macho yako. Unashangaa kuambiwa ni makavu wakati machozi yanakutiririka. Aliyekuambia huenda hakukosea. Machozi yana sehemu tatu: ute unaoyashikiza kwenye jicho, maji yanayoliosha, na juu yake mafuta yanayozuia maji yasikauke, kama mawese yanavyotanda juu ya mchuzi. Mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vidogo ukingoni mwa kope. Vikiziba, maji hukauka upesi, jicho huwaka, na mwili hujitetea kwa kumwaga machozi mengi ghafla. Hayo ni maji matupu, hayakai. Ndiyo maana unatokwa na machozi na bado unahisi mchanga.

Moshi wa kuni huzidisha ukavu huo, na upepo pia, na kukodolea simu bila kupepesa. Baadhi ya dawa za mzio hukausha macho. Wanawake waliokoma hedhi na wenye ugonjwa wa viungo huupata zaidi, kwa hiyo mwulize mama kama naye macho humchoma.

Mganga wa macho huupima hivi: hutia rangi ya manjano jichoni na kuangalia kwa taa ya buluu. Machozi yakikatika kabla ya sekunde 10 tangu upepese, hayana nguvu. Au huning'iniza karatasi nyembamba kwenye kope la chini kwa dakika 5, kipimo alichokitoa daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Ikilowa chini ya milimita 5, ukavu ni mkubwa.

Najua barabara ya Kalembe na Mweso, na kuja Goma kupimwa si jambo la kuamua siku moja. Basi anza hapo hapo. Pika uani au penye upepo wa kutoa moshi. Asubuhi na jioni chovya kitambaa safi katika maji yaliyochemshwa, yakiwa ya vuguvugu, ukiweke juu ya kope ulizofumba kwa dakika 5 hadi 10, kisha sugua kope polepole kuelekea ukingoni. Ukipata matone ya machozi ya bandia, yatumie, na chupa iliyofunguliwa uitupe baada ya wiki 4.

Usitie majani, mkojo wala maziwa ya mama. Na farmasi wakikupa matone yenye deksametazoni au prednisoloni, kataa kama hujapimwa. Yatakutuliza kwa wiki moja, lakini ukiyazoea huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na kidonda chenye vijidudu huenea kwa kasi. Ukiona maumivu makali, usaha, doa jeupe juu ya mboni au uoni kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kituo kikikosa vidonge vya mtoto, usirudi nyumbani ukanyamaza. Uliza hospitali ya Pinga, kisha unitumie habari kabla ya usiku, nijue pa kuvitafuta.

Ni mimi yaya wako, akupendaye.