Kusonga Pamoja Bila Kumezana

Kila mwaka, katika somo langu la fizikia, hutenga mhadhara mmoja kwa jambo ambalo wanafunzi hudhani halina uhusiano wowote na maisha yao: mwendo wa kuta za sumaku ndani ya waya mwembamba. Kwangu mimi, somo hilo lina mengi ya kutuambia kuhusu siasa.

Mwaka 1907 Mfaransa Pierre Weiss alipendekeza kwamba chuma chenye usumaku kimegawanyika katika vikoa vidogo, na kwamba ndani ya kila kikoa sumaku za atomu huelekea upande mmoja. Panapokutana vikoa viwili vyenye mielekeo tofauti pana ukuta: ukanda mwembamba ambamo mwelekeo hugeuka hatua kwa hatua. Mwaka 1931, nchini Marekani, Sixtus na Tonks walipima kasi ya ukuta wa namna hiyo ukikimbia ndani ya waya wa nikeli na chuma uliokazwa.

Zipo njia mbili za kuusogeza. Ya kwanza ni uga wa sumaku kutoka nje. Uga una upendeleo: kikoa kinachoelekea upande wake hupanuka, kinachoupinga hufinywa. Kuta mbili zinazokizingira kikoa pinzani hukaribiana, hukutana, kisha hutoweka pamoja nacho. Waya mzima hubaki na mwelekeo mmoja. Kwa mtazamaji huo ni umoja. Kwa aliyekuwa amehifadhi habari katika vikoa hivyo, ni ubao uliofutwa.

Tena nguvu hiyo ina kikomo. Mwaka 1974 Schryer na Walker walionyesha kwamba uga ukizidi kiwango fulani, ukuta hupoteza umbo lake thabiti, huenda mbele na kurudi nyuma, na kasi yake ya wastani hushuka. Kusukuma zaidi huleta mwendo mdogo zaidi.

Njia ya pili ni kupitisha mkondo wa umeme ndani ya waya wenyewe. Elektroni zinapovuka kuta huzikabidhi spini yake, na kuta zote husogea upande mmoja. Vikoa husafiri bila kumezana. Mwaka 2008 Stuart Parkin na wenzake wa IBM walionyesha kwamba biti chache zinaweza kusogezwa hivyo, pasipo kupotea, katika waya mwembamba mara mamia kuliko unywele.

Niliyakumbuka haya hivi karibuni, kikao kimoja cha wahadhiri kilipopitisha mtaala mpya unaopunguza saa za maabara. Kumbukumbu zinasema ulipitishwa kwa kauli moja. Waliozungumza walikuwa watatu, wote wakubwa kwa cheo. Wahadhiri vijana, ambao ndio watakaoufundisha, walinyamaza, ingawa nje ya ukumbi walikuwa na hoja nzito. Niliomba hoja hizo ziandikwe. Nikajibiwa kwamba navunja mshikamano.

Ndugu msomaji, najua kwamba jamii si waya na atomu hazipigi kura. Najua pia kwamba mkondo una gharama zake: hupasha waya joto, na kuta zilizonaswa kwenye kasoro za waya haziachii mpaka mkondo ufikie kiwango cha kutosha. Vikao vinavyomsikiliza kila mtu navyo hupata joto, na huchosha. Lakini tofauti ya mawazo ni habari, na taasisi inayoifuta haiwezi kuisoma tena itakapoihitaji.

Muhula ujao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataingia katika maabara iliyofupishwa saa. Tukitaka kujua kwa nini baadhi yao hawawezi kutumia vipimo, tutafungua kumbukumbu za kikao, nazo zitatuambia kwamba hapakuwa na aliyepinga. Bado upo muda wa kuwaita wale vijana na kuwasikiliza.