Kwa Gari la Moshi hata Paradise

Katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, uko mji mdogo uitwao Strasburg, wilaya ya Lancaster. Wasomaji wetu wa Mara hulijua jina la Lancaster, maana huko ndiko walikotoka Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 kuhubiri Injili. Reli ya Strasburg ni fupi, maili 4 na nusu tu, nayo ilipewa hati na serikali ya jimbo mwaka 1832. Mwaka 1958 ilikuwa karibu kufa. Ndipo watu wachache wapendao reli wakachangiana fedha, wakainunua. Mwisho wake ni Paradise, yaani Paradiso. Lakini nauli hulipwa, na abiria hurudi jioni ile ile.

Tulipanda pamoja na mtoto wetu, umri wake miaka miwili. Injini yetu ilikuwa namba 90, iliyoundwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1924. Zamani ilivuta viazi sukari huko Colorado. Ni kubwa mno, tena hutoa joto na kufoka mvuke hata ikiwa imesimama. Mtoto alipoiona alijificha katika nguo ya mama yake. Na filimbi ilipolia, alipiga kelele hata watu wote wakageuka. Mimi nalitaka tushuke. Mama yake akakataa, akasema, "Baba watoto, tusimshushe na hofu yake."

Basi akamziba masikio kwa viganja, nami nikamweleza kwa maneno machache: moto wa makaa huchemsha maji, mvuke husukuma vyuma, vyuma huzungusha magurudumu, na mvuke uliokwisha kazi hutoka katika dohani, chuf, chuf. Sidhani alielewa, ila alinyamaza kusikiliza. Tena filimbi ina desturi yake. Kila mahali barabara ikatapo reli, hulia mbili ndefu, moja fupi, kisha moja ndefu. Kwa hiyo nilipoona barabara nilisema, "Sasa!" Mara ya tatu alijiziba masikio mwenyewe.

Nje kulikuwa na mashamba ya Waamish, ambao hata leo hulima kwa nyumbu. Madirisha yakiwa wazi masizi huingia, basi mwenye mtoto asimvike nguo nyeupe.

Huko Paradise injini ilifunguliwa, ikapita reli ya kando chini ya dirisha letu, ili ifungwe upande wa pili. Mtoto alinishika shingo kwa nguvu, lakini hakulia, akaipungia mkono. Gari la umeme la njia kuu ya Philadelphia lilipopita upesi, hakuligeukia.

Tulipokuwa tukirudi, filimbi ilipiga mbili ndefu na moja fupi, na kabla haijamaliza, yeye mwenyewe aliitoa ile ya mwisho kwa sauti yake, "Uuuu!"