Cheni Haina Kosa

Magari yaliyobadilishwa cheni ya taimingi kisha yakakataa kuwaka ndiyo yaliyosomesha watoto wangu, na ndiyo yaliyonigombanisha na mafundi wenzangu kutoka Lodwar hadi Lokichoggio. Sasa macho hayaioni alama ya puli bila tochi, magoti yamechoka kukunjwa mchangani, na spana nimemwachia mpwa wangu. Kilichobaki kwangu ni mdomo. Na kwa kuwa ubishi wenyewe haujaisha, afadhali upande wangu uandikwe ningali hai.

Utoto wangu ni hadithi fupi. Mifugo ya baba iliisha miaka ya Lopiar, 1979 hadi 1981, kwa ukame, magonjwa na wavamizi, kila kimoja kikichukua fungu lake. Tukahamia Lodwar, ng'ambo ya mto Turkwel, tukapanga foleni ya mahindi ya msaada kama wenzetu. Nikasoma mpaka mtihani wa CPE, nikapita, karo ikakosekana. Hapo ndipo nilipoanza kuzubaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara nikitazama watu wakifungua injini, hadi siku moja mwenye kibanda akanitupia kitambaa na kuniambia nifute plagi badala ya kusimama kama mlingoti.

Mwenye kibanda alikuwa Mluo wa Kisumu, na sote, Waturkana kwa Waluhya, tulimwita Jaduong'. Ufundi aliupata kwenye karakana ya reli. Alipanda Turkana wakati barabara ya Kitale ilipokuwa inatiwa lami kwa msaada wa Norway, akatengeneza malori ya mchanga, na kazi ilipokwisha akagoma kurudi kwao. Alisema huku kuna joto lakini hakuna mbu wa ziwani, jambo ambalo si kweli, maana Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, mbu wapo tele. Mwaka 1990 serikali ilipovunja uhusiano na Norway na wafadhili wakafungasha virago, magari yao mengi yaliyobaki yalipitia mikononi mwetu. Nadhani hakuna chuo ambacho kingenipa somo la namna ile.

Jaduong' hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na turubai moja la kijani, na kila kilichotoka kwenye injini kililazwa juu yake kwa mpangilio wa kutoka: boliti za puli, puli, kifuniko, gaidi, cheni. Ukichanganya, unaondoka. Gari likirudishwa gereji likiwa halishiki, aliuliza maswali yale yale.

"Lilipokuja, lilikuwa linawaka?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Basi umegusa nini?"

Alitaka uorodheshe kila kitu, tangu waya wa betri. Aliyejibu "nimegusa cheni" alirudishwa kwenye turubai ahesabu upya, kwa sababu hakuna mtu anayeifikia cheni bila kugusa mambo mengine kumi. Unatoa radieta ama unaisogeza. Unalegeza mikanda. Unachomoa soketi za waya ambazo plastiki yake imekaangwa na jua la Lodwar hadi ikawa inavunjika kwa kucha. Unafungua waya wa ethi uliofungwa kwenye boliti ya kifuniko, na wakati wa kurudisha unausahau kwa sababu boliti inakaza vizuri hata bila waya huo. Kisha stata inazunguka kinyonge, na wewe unalaumu cheni.

Injini aliyoipenda ni 22R ya Toyota, petroli, silinda nne, lita 2.4, ile ya pikapu za Hilux zilizojaa Turkana enzi hizo. Cheni yake ni ya mstari mmoja na inaegemea gaidi za plastiki. Gaidi ikivunjika, cheni inalegea na kuanza kusaga ndani ya kifuniko cha mbele. Asubuhi injini ikiwa baridi unaisikia ikikwaruza, kisha mafuta yakipanda inanyamaza, na mwenye gari anasema imepona. Haijapona. Inaendelea kula alumini mpaka inatoboa njia ya maji. Siku utakapochomoa kijiti cha mafuta ukakuta rangi ya chai ya maziwa, jua maji yameingia kwenye sampu, na usithubutu kuiwasha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Hilux ya mfanyabiashara mmoja wa Kisomali pale Kakuma, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imefunguliwa pale 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan kwa miguu, na kufikia wakati huo Waethiopia, Wasomali na Wakongo walikuwa wamejaa, kila jamii na soko lake. Miongoni mwa Wakongo alikuwepo fundi wa Bukavu, mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Yeye ndiye aliyebadilisha cheni ile na kifuniko chake. Alipomaliza, gari likakataa. Likapiga chafya kwa kabureta, likatoa moto juu, likazima. Akafungua tena, akafunga, likapiga chafya ile ile. Siku zikapita hivyo, sukari ya watu ikalala ghalani, na mwenye gari akatuma ujumbe Lodwar.

Ni kilomita 120 hivi, na siku hizo tulisafiri kwa msafara wenye polisi. Nilifika jua likiwa kichwani. Nikamkuta fundi kifuniko kiko wazi, ananionyesha cheni.

"Ni cheni tu, kaka. Imeruka jino moja."

Nilitazama. Krankishafti ilikuwa na ufunguo wake juu, pini ya kamshafti nayo juu, vipande vya cheni vinavyong'aa viko mbele ya alama zake. Cheni ilikuwa imekaa sawasawa. Nikamwomba afunge kila kitu na hakufurahi. Tukafunga. Nikatoa plagi ya kwanza, nikaziba tundu kwa kidole gumba, na kijana wake akaizungusha krankishafti kwa spana ya 19, polepole, kwa mwendo wa saa. Hewa ilipoanza kusukuma kidole nikamwambia aendelee taratibu mpaka alama ya puli ikafika sifuri. Hapo pistoni ya kwanza iko juu na valvu zake zote zimefunga. Huo ndio wakati inaposubiri moto. Nikafungua kifuniko cha distribyuta. Rota ilikuwa inaelekea silinda ya nne.

Moto ulikuwa unapelekwa kwa jirani. Silinda ya kwanza ilikuwa inaungojea, na ya nne, valvu zake zikiwa nusu wazi, ndiyo iliyokuwa inaupata, ndiyo maana kabureta ilikuwa inatapika. Nikachomoa distribyuta, nikageuza rota nusu duru, nikairudisha nikiwa nimeianzisha nyuma kidogo, kwa sababu meno yake yamekatwa mshazari na rota hujizungusha inaposhuka. Gari likashika kabla kijana hajatoa mkono kwenye swichi.

Sasa ubishi. Fundi wa Bukavu alisema, mbele ya umati, kwamba hata yeye angefika hapo: angeizungusha kamshafti nusu duru kwenye cheni, mambo yangekuwa yale yale. Nilimwambia hapana, na nasema hapana hadi leo. Kwenye 22R, distribyuta inaendeshwa na kamshafti yenyewe. Ukiigeuza kamshafti, rota inageuka pamoja nayo, na moto unaendelea kwenda kwa jirani. Angeifungua cheni ile mpaka mvua inyeshe Kakuma, na gari lisingewaka. Hilo si suala la maoni.

Akaja na hoja ya pili, na hii, lazima nikiri, ilikuwa ya fundi. Alisema hakukuwa na haja ya kuchomoa distribyuta: hamisha waya za plagi kwenye kofia, ya kwanza mahali pa nne, ya pili mahali pa tatu, basi. Ni kweli, gari litawaka. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na ukizivusha waya zote upande wa pili unapata jibu lile lile. Jaduong' alikataa kabisa njia hiyo. Alisema fundi atakayefuata atakuja na kitabu, azipange waya kama kitabu kinavyosema, aue gari lililokuwa zima, kisha alale na lawama ambazo si zake. Mimi nimesimama upande wa Jaduong'. Fundi wa Bukavu alisimama upande wake hadi alipopata ndege ya kwenda Marekani kuanza maisha mapya, na nasikia huko ana gereji yake na bado anavusha waya.

Siku hizi Lodwar imejaa Probox na Fielder zinazobeba abiria wa Kakuma, nyingi zikiwa na injini ya 1NZ. Hakuna distribyuta humo. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayoamua. Vijana wakaona wamepumzika. Kijana anabadilisha cheni, gari halishiki, anakimbilia mashine ya kupima, na kabla haijamaliza kusoma ameshaanza kufungua kifuniko. Wewe kijana, soma kwanza! Ikikuandikia P0335, mashine inakwambia haisikii sensa ya krankishafti, ile iliyo chini karibu na puli, ambayo wewe mwenyewe ulichomoa soketi yake ili puli ipite, au waya wake ukaubana kwa kifuniko. Cheni haihusiki hapo. Ikikuandikia P0016, yaani kamshafti na krankishafti hazipatani, hapo ndipo una haki ya kufungua, na ukifungua tazama kwanza kama ulikumbuka kuchomoa kipini cha tensiona. Wengi huifunga injini tensiona ikiwa bado imefungwa mdomo, cheni inaning'inia, inaruka.

Na kabla ya kugusa stata, zungusha injini kwa mkono, duru mbili kamili. Ikigonga mahali, simama, usilazimishe, kwa sababu valvu ikikutana na pistoni mwenye gari atalipia hedi nzima. Nimewaona pia waliozungusha duru hizo mbili, wakakuta vipande vya cheni vilivyopakwa rangi havijarudi kwenye alama, wakavunja kazi nzuri na kuanza upya. Vipande hivyo havirudi baada ya duru mbili. Idadi ya viungo vya cheni hailingani na meno ya gia, hivyo vinahitaji kuzunguka mara nyingi ndipo vikutane tena. Alama za kutazama baada ya kufunga ni za gia na puli. Rangi ya cheni ni ya siku ya kufunga tu.

Pale Kakuma, Don Bosco wamefundisha umakanika wakimbizi na wenyeji miaka mingi, na Lodwar tuna vyuo vya ufundi vya kaunti. Wanafunzi wanaokuja kwa mpwa wangu wanajua kutaja sehemu zote za injini, lakini wachache wamewahi kuweka kidole gumba kwenye tundu la plagi. Kama una Hilux ya 22R iliyokufa nyuma ya nyumba, Lodwar, Lokichar au Kalobeyei, usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini ikiwa na distribyuta yake, hata bila kabureta, mpelekee mpwa wangu au chuo kilicho karibu nawe. Gharama ya lori la kuileta nitalipa mimi.