Nilimdanganya Shemeji Kuhusu Spika

Shemeji yangu alitoa pesa yake mfukoni kununua spika kwa ushauri wangu, na ushauri wenyewe ulikuwa mbovu. Hapo ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Kilichofuata hakina utetezi: nilipogundua nimekosea, nilimwongopea, na nikauacha uongo huo ukae.

Spika zenyewe ni za aina inayomwaga sauti pande zote. Spika ya boksi tuliyoizoea ina wufa ya besi na twita ya sauti kali, zote zikitazama mbele. Kwa hizi, wufa imelazwa ikitazama juu, na juu yake kuna umbo la pia lililogeuzwa, ncha chini. Sauti inapanda, inaigonga pia, inatawanyika mduara mzima. Ujerumani wapo mafundi waliobobea katika kazi hii. Kampuni ya MBL ya Berlin imejijengea jina kwa spika zisizo na pia wala koni, ila vipande vyembamba vilivyopinda ambavyo hutuna na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua. Za shemeji hazikuwa za daraja hilo. Zilikuwa za mtumba, nzuri, za bei ambayo mtu anaifikiria mara mbili.

Nilizisikia dukani kwanza. Nilikaa mwisho kabisa wa kochi, mahali ambapo kwa spika za boksi kila kitu hukimbilia kwenye spika iliyo karibu nawe, na mwimbaji bado alikuwa amesimama katikati. Nikahama upande wa pili, hakutikisika. Nikawaza: hizi ndizo za sebule zetu, ambako watu wamekaa kuzunguka kuta na hakuna mwenye kiti cha peke yake katikati. Wazo hilo nalitetea hata leo. Ila sikuangalia chini, lilipo zulia la ukuta hadi ukuta, wala sikuangalia mapazia mazito nyuma ya spika, wala sikuona kwamba spika zilikuwa mbali na kila ukuta.

Sebule ya shemeji ina mita 4 kwa 5 na dari la mita 3. Kuta ni za tofali za saruji zilizopakwa rangi ya mafuta, sakafu ni vigae vinavyong'aa, makochi ni ya ngozi, madirisha ni ya alumini na vioo vipana. Spika tukazibana pande mbili za televisheni, karibu zinaugusa ukuta, kwa sababu ndipo soketi zilipo. Tukaweka taarabu ya Unguja. Kanuni, ile ala ya nyuzi, ndiyo iliyotuumbua mapema: ule mdonoo wa kila uzi, ambao ndio raha yake, ukawa unamezwa na uliotangulia. Fidla zikawa ukungu. Mwimbaji akawa na mdomo wa upana wa ukuta. Dada yangu alitoka jikoni na sahani mkononi, akasikiliza, akasema, "Mbona huyu mama anaimbia bafuni?"

Shemeji akanitazama. Nikamwambia, "Zinahitaji kuzoea, shemeji. Ziache zipige, zitafunguka."

Mpira wa wufa mpya hulegea kidogo mwanzoni, ni kweli. Lakini hizi zilikuwa mtumba, zimeshapigwa miaka huko zilikotoka! Na nilijua. Shemeji na dada walipotoka nje nilibaki peke yangu, nikapiga kofi moja katikati ya chumba. Mlio ukarukaruka kati ya kuta kabla ya kufa. Jibu lilikuwa hilo, nami nikanyamaza. Shemeji aliziacha zikipiga mchana kutwa bila msikilizaji, umeme wa LUKU ukikatika na yeye akinunua tena, akisubiri zifunguke.

Niliyopaswa kumweleza ni haya. Kila spika humwaga besi pande zote, hata ya boksi, kwa sababu wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3 na boksi dogo haliwezi kulizuia. Sauti kali za juu ndizo zinazoelekea mbele. Spika ya pande zote inazitawanya nazo pia, na hapo ndipo ilipo sifa yake: sauti inayodunda ukutani inarudi na rangi ileile ya sauti iliyokuja moja kwa moja, kwa hiyo chumba kinasikika cha asili, na mwimbaji anapata nafasi ya kumzunguka. Lakini maana yake ni kwamba umekiajiri chumba kizima kuwa mwanamuziki. Kwa chumba cha ukubwa ule, ukikadiria mwangwi wa sekunde moja, hesabu ya akustika inakupa umbali wa kama nusu mita tu kutoka kwenye spika. Ukivuka hapo, sauti ya kuta inaizidi sauti ya spika. Kochi la shemeji liko mita 3. Alikuwa anasikiliza nyumba yake.

Kisha kuna ukuta wa nyuma. Sauti hukata takribani sentimita 34 kwa milisekunde moja. Spika ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, pigo la ukuta linafika chini ya milisekunde 2 baada ya la kwanza, karibu mno, na picha ya mwimbaji inachafuka. Ikivutwa mita moja mbele, pengo linakaribia milisekunde 6. Helmut Haas, aliyeyachunguza mambo haya Göttingen mwishoni mwa miaka ya 1940, alionyesha jinsi sikio linavyoliamini pigo la kwanza kuhusu mahali sauti inapotoka, hata kama mwangwi unafuata. Lakini sikio lazima lipewe muda.

Nilisema ukweli siku shemeji aliponiambia amepata mteja wa kuzichukua kwa bei ya kutupa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo LUKU yangu yote ile?" Sikuwa na jibu. Hakuziuza, na zulia nene la kuanzia nililinunua mimi.

Zulia peke yake halikutosha. Linameza sauti za juu na kuziacha za kati zikizurura. Dada akatoa mapazia ya kitambaa kizito, tukayashona yakiwa na mikunjo mingi. Tukaleta rafu ya vitabu, tukatupia matakia ya kitambaa juu ya ngozi. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1895 vivyo hivyo: alibeba matakia ya ukumbi wa maonyesho usiku, akayapanga kwenye ukumbi wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka, akapima mwangwi unavyopungua. Tofauti ni kwamba yeye alipima kabla ya kusema.

Spika tukazivuta mbele hadi watoto wakalalamika kwamba zinawaziba njia. Kanuni ikarudi kuwa na nyuzi. Mwimbaji si nukta kali katikati kama kwenye spika nzuri za boksi, na anayependa kuonyesha kwa kidole kila fidla ilipokaa hataridhika. Ila anakaa mahali pake, kochi lolote utakalokalia. Taarifa ya habari inasikilizwa kwa spika za zamani, maana maneno bado ni masafi zaidi huko.

Ukitaka kununua za aina hii, piga kofi sebuleni kwako kwanza. Ukisikia mlio unaendelea baada ya mikono kutulia, anza na zulia na mapazia, na uhakikishe una mita moja ya kuachia nyuma. Kama huna, nunua boksi. Na mimi usiniulize ipi ni nzuri. Siku hizi sitoi ushauri kwa nyumba ambayo sijaingia.