Milwaukee, mji ambako sakafu hufanya mtihani kila mwaka

MSOMAJI, ukijaliwa kufika Chicago, Marekani, usifunge safari ya kurudi nyumbani kabla ya kwenda kilomita 145 hivi zaidi upande wa kaskazini, ukifuata ufuo wa Ziwa Michigan. Hapo utaukuta mji wa Milwaukee, jimboni Wisconsin. Wengi huujua kwa sababu ya bia, ufundi waliokuja nao wahamiaji kutoka Ujerumani. Lakini kuna jambo jingine ambalo mgeni hulipita bila kulitambua, nalo ni mchezo wa bolingi.

Huenda umeuona kwenye televisheni. Mchezaji huviringisha mpira mzito, usiozidi kilo saba na robo hivi, kwenye njia ndefu ya mbao ili aangushe pini kumi zenye umbo la chupa. Akiziangusha zote kwa mpira mmoja, akafanya hivyo mara 12 mfululizo, hupata alama 300. Hapo hakuna awezaye kumzidi.

Sasa shika barabara ya Lincoln, kusini mwa mji. Kwanza utaliona kuba kubwa la kanisa la Mtakatifu Josaphat. Wahamiaji kutoka Poland walilijenga na kulimaliza mwaka 1901, wakitumia mawe na vyuma vya jengo la posta lililobomolewa Chicago, ambavyo vilisafirishwa kwa gari la moshi. Endelea kuelekea magharibi, umbali wa mitaa kama 15, hadi ufike Holler House, baa iliyofunguliwa mwaka 1908 na familia ya Skowronski, yenye asili ya Poland pia.

Ukiitazama kwa nje, utadhani ni nyumba ya kawaida tu. Hazina yake imo katika chumba cha chini ya ardhi: njia mbili za bolingi, mbili tu, zinazohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote zilizoidhinishwa Marekani. Mashine za kupanga pini zilipoenea kwingineko katika miaka ya 1950, hapa kazi hiyo iliendelea kufanywa na vijana, kwa mikono. Ndiyo sababu mgeni anashauriwa kuulizia mapema kabla ya kwenda.

Lakini utauliza, njia ya kuchezea huidhinishwa vipi, na kwa nini?

Zamani kila mji ulicheza kwa kanuni zake. Mpira wa huku haukulingana na wa kule, wala pini hazikuwa na kimo kimoja. Mshindi wa mji mmoja akijigamba mbele ya wa mji mwingine, hapakuwa na njia ya kumjua mkweli. Mnamo Septemba 1895, wachezaji walikutana New York wakaunda chama cha American Bowling Congress ili kuumaliza ubishi huo. Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa katika eneo hili la Milwaukee. Mrithi wake, United States Bowling Congress, aliundwa mwaka 2005, na mwaka 2008 akahamia Arlington, Texas.

Unawajua wale maafisa wa mizani na vipimo wanaofika sokoni kuhakikisha kuwa kilo ya muuzaji ni kilo kweli? Basi bolingi nayo ina wakaguzi wake. Kila mwaka, kila njia ambayo matokeo yake yatatambuliwa na chama lazima ipimwe upya.

Mkaguzi hupiga magoti sakafuni. Kutoka mstari ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka hadi katikati ya alama ya pini ya kwanza, lazima pawe na futi 60, yaani mita 18.29, na kosa lisizidi nusu inchi. Upana wa njia ni inchi 41 na nusu. Kutoka pini moja hadi jirani yake ni inchi 12. Kisha huja kipimo kinachowanyima wengi usingizi. Mkaguzi hulaza pimamaji iliyoundwa kwa kazi hiyo, toka ukingo hadi ukingo, ajue kama njia imeinama upande, imevimba au imebonyea. Kinachoruhusiwa ni sehemu 40 kwa elfu za inchi, takriban milimita moja tu!

Usicheke, msomaji. Njia iliyobonyea katikati huuvuta mpira kuelekea kwenye pini, ikampa mchezaji alama ambazo mkono wake haukuzitafuta. Iliyoinama humpokonya alama mwenye haki nazo. Nazo mbao, kama ujuavyo, hazitulii. Mlango wako ambao hukwama wakati wa masika na kulegea wakati wa kiangazi ni shahidi wa kutosha. Milwaukee ina majira ya joto yenye unyevunyevu na majira ya baridi kali ambapo nyumba hupashwa moto, hewa ikakauka. Njia iliyofaulu mwaka huu inaweza kuanguka mwaka ujao.

Ikianguka, mafundi huitwa waisawazishe, kisha ikaguliwe tena. Kabla ya hapo, mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka 20 anaweza kupata alama 300 usiku mmoja, akashangiliwa na nyumba nzima, na chama kisizitambue.

Hapo ndipo utaona uzuri wa zile njia mbili kuukuu. Cheti hakiulizi kama jengo lina taa za kumetameta au kama pini hupangwa na mashine. Huuliza jambo moja: je, sakafu ni ya haki? Ikiwa ni ya haki, mfanyakazi wa kiwandani anayecheza chini ya baa na bingwa anayecheza katika ukumbi wa fahari wanaweza kulinganishwa bila mmoja kudhulumiwa.

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mchezaji wa bolingi aliyeshindwa kwenye njia yenye cheti hana jua la kusingizia. Naye aliyeshinda, hakuna wa kumwambia kwamba alibebwa na ubao.