Kitatoka Karibuni

Niliajiriwa mwaka 1988 kama mpiga taipu katika shirika la kuchapisha vitabu, na wiki ya pili nikapewa jarida la msimu. Kazi yangu ilikuwa kulikunja. Lilikuwa karatasi mbili za fulskepu, zimerudufiwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono iliyonimwagia wino hadi Jumapili kanisani nikaulizwa kama nimeingia gereji. Juu liliandikwa “Habari za Vitabu”, na chini yake mwezi: Januari, Aprili, Septemba au Desemba. Nilikunja nakala mia nane, nikatia kwenye bahasha, nikalamba stempu mpaka ulimi ukawa mzito, nikapeleka posta. Walioandikiwa walikuwa walimu wakuu, wenye maduka ya vitabu, wakutubi na waandishi wetu wenyewe.

Ukikunja kitu mara mia nane utakisoma, utake usitake. Niliona “thamani” imeandikwa “dhamani” kwenye ukurasa wa kwanza, nikamwendea mhariri mkuu na karatasi mkononi. Akaitazama, akanitazama mimi. “Kumbe wewe unasoma? Basi lijalo utaliandika.” Nililiandika kwa miaka 34.

Sisi tulihesabu misimu kwa kengele ya shule. Januari ndiyo ilikuwa mavuno: shule zinafunguliwa, wazazi wamepanga foleni kaunta hadi barabarani, karatasi ya orodha ya vitabu imekunjwa kwenye kiganja na imeanza kulowa jasho. Ili uuze Januari, lazima uwe umechapa Oktoba na Novemba. Ili uchape Oktoba, prufu ya mwisho iwe imetiwa saini Agosti. Kwa hiyo wahariri waliugua Agosti, wachapaji Novemba, na watu wa mauzo Februari, wakati wa kudai madeni. Aprili tulitangaza vile vilivyochelewa Januari. Septemba ilikuwa ya sherehe. Desemba ilikuwa ya kusalimiana na kutishana kuhusu mwaka ujao.

Asiyejua hesabu hii hawezi kuelewa kilichozipata riwaya za Kiswahili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Kwa shirika kama letu hiyo ilikuwa mvua ya masika. Vitabu vya sarufi, vya ufahamu, vya insha, vya marudio kabla ya mtihani: vyote vilikwenda. Nilipoingia mimi, ghala letu la Eneo la Viwanda lilikuwa limejaa hadi kwenye paa, na dereva wa lori la vitabu alikuwa mtu mkubwa kuliko mhariri. Riwaya nazo zilikuwepo. Ziliwekwa pembeni, karibu na choo, kwa sababu hazikuhitaji kufikiwa haraka.

Mwaka 1991 tuliletewa mswada kutoka Lamu. Uliandikwa kwa mkono katika madaftari matatu ya shule, kwa hati ya mtu aliyefundisha wengine kuandika, na kurasa zilinukia mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu. Kisa kilikuwa cha mabaharia wa jahazi la mikoko na nahodha asiyetaka kukiri kwamba macho yake yamekwisha. Msomaji wetu wa nje, mtu mgumu aliyezoea kukataa, aliandika mstari mmoja tu: “Chapeni kabla hajawapa wengine.” Mkataba ukatiwa saini, nami katika toleo la Septemba nikaandika kwa furaha, chini ya kichwa cha riwaya, maneno mawili: “Kitatoka karibuni.”

Niliyaandika maneno hayo matoleo kumi na moja mfululizo.

Hakuna aliyekifanyia kitabu kile ubaya. Kila Oktoba fedha za karatasi zilipigiwa hesabu, na kila Oktoba Kiswahili cha darasa la saba kilikuwa mbele ya nahodha wa Lamu, kwa sababu cha darasa la saba kingerudisha fedha kabla ya Pasaka. Nahodha akasukumwa hadi Aprili. Aprili hazina ilikuwa haina kitu, tunangoja madeni. Ilipofika Septemba tulikuwa tunajiandaa kwa Januari. Jarida lilipofika Lamu, simu ililia mezani kwangu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Jarida nimelipata. Naona kitabu changu bado ki karibu.”

“Ki karibu, Mwalimu.”

“Karibu ya wapi? Maana hapa kwetu hata Mombasa twaiita karibu.”

Hakuwahi kukasirika, na hilo ndilo lililonitesa. Angekasirika ningempitishia mkurugenzi.

Kilitoka Aprili 1994, nakala 2,000, nambari yake ya ISBN ikianza na 9966, alama ya vitabu vya Kenya. Nikamtumia kumi kwa basi. Siku nne baadaye simu ikalia, nikajiandaa kupokea shukrani.

Hapa niseme jambo la ufundi. Karatasi kubwa ya mtamboni ikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hupendelea kwisha kwenye kumi na sita. Kisa cha Mwalimu kiliishia ukurasa wa 155, na kitabu kilitakiwa kiwe na 160. Kurasa tano tupu ni hasara, na jukumu la kuzijaza lilikuwa langu. Nilizijaza kwa matangazo ya vitabu vyetu vingine, kama tulivyofanya siku zote.

“Mwanangu,” akasema, “jahazi langu lazama ukurasa wa mia na hamsini na tano. Watu wafa. Nageuza ukurasa nivute pumzi, naulizwa kama nina Hisabati Darasa la Sita.”

Tangu siku hiyo, riwaya ikiisha vibaya niliacha angalau ukurasa mmoja mweupe kabla ya matangazo. Meneja wa mauzo hakujua sababu, nami sikumwambia.

Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi yalianza 1998, na kwa miaka mingi yakawa yanafanyika Sarit Centre, Westlands, siku za mwisho za Septemba. Toleo langu la Septemba likapata nyama. Si orodha tena, bali ratiba: nani anazindua nini, saa ngapi, kibanda gani. Miaka ya witiri kukawa na tangazo la washindi wa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ile ambayo mwaka 1974 alipewa Meja Mwangi kwa Kill Me Quick. Usiku wa tuzo wachapishaji hukaa meza kwa meza, wakitabasamiana kama wakwe.

Mwaka mmoja niliponzwa na tuzo hiyo. Mtu niliyemwamini alininong’oneza kwamba mwandishi wetu ameshinda. Jarida lilihitaji siku nne mtamboni, na nilitaka liwe vibandani asubuhi baada ya sherehe, tuwe wa kwanza. Nikaandika “Hongera!” kwa herufi za ukubwa wa dole gumba, picha chini yake, nikachapisha elfu nne. Usiku ule jina likasomwa, la nyumba nyingine kabisa. Mwandishi wetu alipiga makofi kistaarabu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na maboksi manne, nikayarudisha ndani ya gari moja baada ya jingine. Hakuna aliyenifukuza kazi. Adhabu yangu ilikuwa kwamba kwa miezi minane ofisi nzima iliandikia nyuma ya “Hongera!”: hesabu za chai, risiti za petroli, barua za likizo.

Mwalimu alikuja kwenye maonyesho mara moja. Alivuka kwa mashua hadi Mokowe, akapanda basi hadi Mombasa, akalala, akapanda basi jingine la usiku. Tulimwekea kiti kibandani mbele ya rafu yake. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi na kofia ya vitobo imekaa sawasawa, mchana kutwa. Watoto wa shule waliingia kwa makundi wakizoa katalogi zetu. Nilidhani ni hamu ya kusoma hadi nikaambiwa ni za kujaladia madaftari, karatasi yetu ilikuwa na mng’aro mzuri. Msichana mmoja wa sekondari alisimama, akachukua kitabu cha Mwalimu, akasoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, akageuza wa pili. Nikaona Mwalimu ameacha kupumua. Kisha msichana akauliza, kwa adabu:

“Hiki ni kitabu teule?”

“Bado,” akasema Mwalimu.

Msichana akakirudisha mahali pake, akakisawazisha kwa kidole kisipitane na vingine, akaondoka. Kwa siku zote za maonyesho ziliuzwa nakala saba. Moja niliinunua mimi.

Kitabu teule ni kile ambacho kila mtahiniwa wa kidato cha nne lazima akisome. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka 1996, na ilipofanywa teule, ukimtaja shujaa wake, Kongowea Mswahili, kwenye matatu, kijana yeyote aliyepita sekondari angekuitikia. Baadaye ikaja zamu ya Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora huyohuyo, kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ni vitabu vizuri, sina neno navyo. Ninachosema ni kwamba nchi nzima ilisoma riwaya moja kwa wakati mmoja, ikajibu maswali yake, ikaiuza mtumba, ikangoja kuambiwa inayofuata. Mimi nilikuwa natangaza riwaya nne au tano kila mwaka kwa wasomaji ambao walikuwa wamefundishwa kuuliza swali la yule msichana. Na sisi wachapishaji tulifaidi swali hilo zilipoangukia zamu zetu, kwa hiyo tusijifanye malaika.

Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, shule zilipewa fedha za vitabu, zikachagua kutoka orodha ya serikali, zikanunua dukani. Hiyo ndiyo miaka tuliyonenepa. Mwaka 2013 sheria mpya ikaweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, nikaandika tahariri kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Haikupunguza hata asilimia moja. Kisha 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka hadi shuleni. Mtoto wa dada yangu kule Taita akapata kitabu chake peke yake, asigawane na watatu, na nilifurahi kama mjomba yeyote. Lakini Januari iliondoka madukani. Mwenye duka wa Nakuru, mteja wetu tangu enzi za stempu, alinieleza kwa simu: kodi ya rafu ya riwaya ililipwa na vitabu vya kiada vilivyokuwa rafu ya jirani. Cha kiada kikiondoka, riwaya haina wa kuilipia. Alifunga mwaka uliofuata, akaweka simu za mkononi. Kwenye orodha yangu ya barua nilifuta maduka mpaka mkono ukazoea.

Toleo langu nilipendalo ni la Desemba 2021. Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba mwaka ule Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, na mchana wote watu walipiga simu kuuliza vitabu vyake kwa Kiswahili. Hatukuwa hata na kimoja. Nikatoa ukurasa wa mbele kwa habari hiyo, na mwaka uliofuata, Peponi ilipotoka kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chapa ya Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, nikaitangaza pia. Meneja wa mauzo, kijana mwenye shahada mbili, alinijia na jarida limekunjwa kama fimbo.

“Mzee, huyu ni mshindani. Tunamtangazia bure?”

“Soma juu,” nikamwambia. “Limeandikwa Habari za Vitabu. Halijaandikwa Habari za Vitabu Vyetu.”

Nilistaafu Desemba 2022. Wiki ya mwisho nilikwenda ghalani kuaga, nikamwomba mtunza bohari kadi ya kitabu cha Mwalimu. Mwenyewe alifariki 2006. Mrabaha, ukiwepo, hupelekwa kwa binti yake. Kadi ilikuwa ya zamani, ya mkono, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kukiingiza kwenye kompyuta. Katika miaka 28 zilitoka nakala 1,312. Mchwa walikula boksi moja mwaka wa El Niño. Zilizobaki zilikuwa palepale, karibu na choo, zimefunikwa turubai.

Nilinunua ishirini. Bei iliyochapwa nyuma ni ileile ya 1994, shilingi 120, na ndiyo waliyonitoza.