Saa Tisa Usiku, Umoja

Roketi ilipaa saa tisa na dakika 27 usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 16 Novemba 2020. Kule Florida ilikuwa bado Jumapili jioni, giza limeshaingia. Huku Umoja kafyu ilikuwa imebakisha dakika 33. Unakumbuka enzi hizo: kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, usionekane nje.

Ndani ya chombo walichokiita Resilience walikuwa wanne: Mike Hopkins, Victor Glover, Shannon Walker na Mjapani Soichi Noguchi. Wa tano alikuwa mwanasesere wa Baby Yoda. Kazi yake ni kuelea, ndiyo watu wajue uzito umeisha. Mimi nilikuwa chini ya blanketi na simu ya kioo kilichopasuka, sauti nimezima madogo wasiamke. Bila sauti, roketi ya usiku ni kitu kingine. Mwanga ulijaza skrini mpaka nikaona ukuta wa chumba chetu, halafu ukapungua polepole, ukabaki kama kiberiti cha mtu aliye mbali.

Watu hudhani usiku unachaguliwa kwa sababu ya picha. Wapi! Kituo cha anga kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi, na dunia nayo inajizungusha chini yake. Uwanja wa roketi ukifika chini ya njia ya kituo, ndipo unapaa. Ikiwa ni saa nane mchana, sawa. Ikiwa ni usiku wa manane, amka. Ni kama kudandia mat ambayo haisimami steji. Safari hiyo ilikuwa imeshasukumwa siku moja kwa sababu ya upepo. Ukikosa dakika yako, unarudi siku nyingine.

Hesabu hizi nilifunzwa chuo, mwaka wa pili, kabla karo haijanitoa. Fizikia. Bado naipenda, na ndiyo maana nilikuwa macho.

Nilitaka kutoka balkoni. Najua roketi ya Florida haionekani Nairobi, lakini watu wakitoka duniani unataka tu kuangalia juu. Sikutoka. Mwezi wa tatu mwaka huohuo, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya kwao Kiamaiko, ghorofa ya tatu, polisi wakitekeleza kafyu huko chini. Tangu siku hiyo mathe alikuwa anafunga mlango wa balkoni saa tatu, ufunguo anauweka kwenye sidiria, na hakuna aliyeuliza swali. Kwa hiyo usiku huo niliona watu wanne wakienda kilomita 400 juu, na mimi hatua mbili za kufika kwenye kamba ya nguo zilinishinda.

Mwingine aliyekuwa macho ni buda. Ni soja wa usiku kwenye godauni moja Industrial Area. Msimu ule alikuwa anatembea na barua ya mwajiri mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa nimemwambia kuhusu roketi, na pia kwamba Kenya si wageni wa mambo haya: tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, San Marco, ilirushwa setilaiti ya Marekani, na kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ikaitwa Uhuru. Hakuamini. “Na nani alipanda?” Hakuna, baba. Pale hakuna mtu aliyewahi kupanda, mpaka wakaacha kurusha mwaka wa 1988.

Saa tisa unusu akatuma meseji: “Wamepaa?”

“Wamepaa. Mmoja ni mweusi, Glover. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda kukaa huko muda mrefu.”

“Shifti yao ni ya saa ngapi?”

“Miezi sita.”

Akanyamaza kidogo. Labda alikuwa anazunguka ua na tochi.

“Bila ofu?”

Walifika kituoni Jumanne, saa moja asubuhi saa zetu. Buda alikuwa kwenye mat Jogoo Road, anasinzia.